Kitaliano cha Mchangani

Wazee wa Malindi waliwajua Wataliano kwanza kwa ndege za vita, zilipoudondoshea mji mabomu mwaka 1940. Lugha yao ilikuja baadaye, nayo ilikuja na roketi. Kabla ya nyumba za kifahari za Casuarina, kabla ya pitsa na aiskrimu za mjini, kulikuwa na majukwaa mawili ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, San Marco na Santa Rita, yamesimama kwa miguu yao ndani ya Ghuba ya Ungwana. Aliyeyaleta ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Alikuwa amepiga hesabu zake akaona kwamba pale, karibu digrii tatu tu kusini mwa ikweta, mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi, na kwa kuwa upande wa mashariki ni maji matupu, vipande vinavyoanguka havimwangukii mtu. Roketi ndogo za majaribio zilianza kurushwa 1964. Tarehe 26 Aprili 1967 ikapaa setilaiti San Marco 2. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ikapaa setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miale ya eksirei angani. Kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru.

Hayo yameandikwa. Setilaiti ile iliorodhesha vyanzo 339 vya miale, na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genova aliyeongoza kazi hiyo, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yasiyoandikwa ni habari za waliowavusha mafundi kutoka ufuoni hadi majukwaani, waliowapikia, waliofunga kamba na kulinda matangi ya mafuta. Hao ndio watu wa kwanza wa wilaya yetu kukisema Kitaliano, na kwa miaka mingi nimekuwa nikizikusanya habari zao, kwa sababu ninaamini walifanya kazi kubwa ya elimu ambayo hakuna shule iliyoihesabu.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mmoja wao. Alikuwa mvuvi wa Ngomeni, kisha akawa baharia wa boti za San Marco. Neno la kwanza alilolishika lilikuwa *attento*, angalia, kwa kuwa bahari ya kusi haimpi mtu nafasi ya kuuliza maana. Yakafuata *corda*, kamba, na *benzina*, petroli, *su*, juu, na *giù*, chini, halafu *domattina*, kesho asubuhi, maana saa ya kuondoka ilibidi ieleweke. Nambari alizijua kwa kuhesabiwa mitungi. Salamu zilikuja mwisho kabisa, na hili nimelisikia kwa wazee wengi: walianza na hatari, vifaa na saa, ndipo wakafika kwenye "habari za asubuhi". Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu, na ndani yake aliandika kila neno kwa herufi za Kiswahili: *kwanto*, *domatina*, *aspeta un momento*. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza ni mwalimu gani aliyemfunza.

"Mjomba," akaniambia (nami pia humwita mjomba, ndivyo tuitanavyo), "hakuna aliyenifunza. Mtu akisema mbele yako kila siku, na roho yako iko ndani ya boti moja na yake, utamwelewa tu."

Mimi nilifundisha historia katika shule ya upili kabla ya kuanza kufundisha Kitaliano, kwa hiyo nikisikia lugha ngeni katika pwani hii huuliza kwanza ni nani aliyelazimika kujifunza ya mwenzake. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi Aprili 1498, mwenye shida ya lugha alikuwa yeye. Lugha ya kuelewana na mfalme wa Malindi na wafanyabiashara wa ng'ambo waliokuwa bandarini ilikuwa Kiarabu, na Mreno huyo alikiweza kwa sababu tu ndani ya merikebu zake alikuwamo Fernão Martins, aliyekipata Kiarabu kifungoni Moroko. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka huohuo, akaenda kukaa Rabai na mwenzake Rebmann kuanzia 1846. Akaketi na wazee, akajifunza Kiswahili na Kirabai neno kwa neno hadi akaacha kamusi iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Hata maofisa wa serikali ya kikoloni walifanyishwa mtihani wa Kiswahili. Kwa karne nne na ushei, mgeni aliyetaka kitu hapa alikuja amebeba mzigo wa kujifunza.

Kuna mmoja aliyebebeshwa mzigo huo akiwa upande wetu, nami siwezi kumpita. Yusuf bin Hassan alitoka katika ukoo wa masultani wa Malindi ambao Wareno waliuhamishia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Baba yake aliuawa 1614, naye mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo, akakulia katika Kireno na kutumikia merikebu zao. Alirudishwa Mombasa awe mfalme wa kuwafaa waliomlea. Agosti 1631 aliingia ndani ya ngome ya Wareno huko Mombasa, akamchoma kisu kapteni wa Kireno, akaurudia Uislamu na jina lake. Nikiwasomesha vijana kisa hiki, huwaambia wamtazame yule mtoto wa Goa darasani kabla ya kumtazama mfalme mwenye kisu. Ndiye mwana wa kwanza wa nyumba ya Malindi ninayemjua aliyepewa elimu kamili ya lugha ya Ulaya, na bei aliyotozwa ilikuwa kila kitu alichokuwa nacho.

Kiingereza kilikuja na bei nafuu zaidi, lakini kikaja ndani ya ua wa misheni. Kilikuwa Rabai, kilikuwa Ribe kwa Wamethodisti waliofika 1862, kilikuwa Kaloleni. Huku kwetu kaskazini, Gongoni na Marafa na Magarini, shule zilikuwa za kuhesabika. Mlowezi aliyekuja likizo Malindi hakutaka mpishi wake ajue Kiingereza. Alimpa amri kwa Kiswahili chake kibovu, na mambo yake akayazungumza na mkewe kwa Kiingereza mbele ya mpishi huyohuyo. Aliyefaulu kuingia uani alifika mbali: Ronald Ngala, aliyezaliwa 1923 huko Kaloleni, alipita shule ya Alliance na chuo cha Makerere, akawa mwalimu, kisha mmoja wa viongozi wakubwa wa taifa. Lakini kwa kila Ngala mmoja kulikuwa na vijiji vizima vilivyokisikia Kiingereza kama ngurumo ya mbali.

Baada ya uhuru ua ulipanuliwa, haukung'olewa. Mtoto wa Kigiriama aliingia darasani na Kigiriama chake, akakutana na Kiswahili cha shule, na kabla hakijamkaa vizuri akaanza kufundishwa kila somo kwa Kiingereza. Tuliokutwa tukisema lugha ya mama tulivishwa kibao shingoni, ambacho ulikivaa mpaka umkamate mwenzako. Mwisho wa yote ulikuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwanza CPE, kisha KCPE kuanzia 1985, na karatasi zake, isipokuwa ile ya Kiswahili, zilikuwa za Kiingereza, hata za hesabu na sayansi. Aliyeanguka aliambiwa hana akili ya masomo. Waliambiwa hivyo wengi sana katika sehemu hii ya nchi, na waliamini.

Watoto hao walioambiwa hawana akili ya masomo ndio waliokwenda ufuoni wakajifunza Kitaliano.

Mafundi wa roketi walikuwa wamerudi kwao na habari za mchanga mweupe na samaki wa bei rahisi, nao wakaleta jamaa zao. Hoteli zilizokuwapo, kama Lawford's, Sinbad na Eden Roc, zilikuwa zimezoea walowezi wa bara na, baadaye, Wajerumani. Weita wa zamani walibadili lugha kadiri wageni walivyobadilika. Nimewajua wazee wa Maweni na Shela walioanza na Kiingereza cha mezani, wakapata Kijerumani cha kutosha, halafu wakaanza tena upya. Kufika miaka ya 1980 Malindi na Watamu zilikuwa zimeelemea Italia. Mabango ya maduka yakaandikwa Kitaliano, wachongaji vinyago wakajifunza kupatana bei kwa lugha hiyo, na Italia ikawa na konseli wake wa heshima mjini. Mtu kutoka Nairobi aliyeshuka basi stendi ya Malindi alishangaa kusalimiwa *ciao* na mtoto wa miaka sita.

Masomo yale yalifuata upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, wageni walijaa na midomo ikafanya kazi mchana na usiku. Masika yakiingia, hoteli nyingi zilifungwa, vibarua wakaambiwa warudi Julai, na kusi ikajaza ufuo mwani. Hapo ndipo vijana walikaa chini ya miembe ya Muyeye na Barani wakapigana maswali: wewe ulimwambiaje yule mzee, naye akajibu nini? Aliyeishi msimu mzima na wageni wa Milano alisema tofauti na aliyeshinda na watu wa Napoli, na mabishano hayo yalikuwa makali. Sijaona darasa langu lolote likibishana kuhusu matamshi kwa ari ile.

Kuna sababu kwa nini lugha hii ilishika upesi, na sababu zenyewe zimo vinywani mwetu. Neno la Kitaliano, kama la Kiswahili, kwa kawaida huishia kwa irabu, na mkazo wake mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Irabu hazibadiliki badiliki kama za Kiingereza. Ukishajua herufi, umejua sauti. Mtu aliyekulia ndani ya ngeli zote za Kiswahili hatishwi na lugha yenye mbili tu, ya kiume na ya kike, na kukubalisha sifa na jina ni jambo alilolifanya tangu anyonyeshwe. Kitenzi nacho kinambeba mtendaji: sisi tunamweka kichwani, *ninakuja*, wao wanamweka mkiani, *vengo*. Nikiwaeleza hivyo wanafunzi wangu, nusu ya kazi ya muhula huisha siku ile.

Wagiriama wana zaidi ya hapo. Kigiriama kinazo sauti ambazo Kiswahili hakina, ile ya mwanzo wa *tsi*, nchi, na ile ya mwanzo wa *dzuwa*, jua. Kitaliano huziandika zote mbili kwa z. Mswahili wa mji husema *ragasa* na *grasie*. Kijana wa Marafa husema *ragazza* na *grazie* kama aliyezaliwa Bologna. Shuleni sauti hizohizo zilimfanya achekwe. Kwa Mtaliano zilimfanya aulizwe alisoma wapi.

Ugumu ulikuwapo, na ulikuwa mahali ambapo sikio halitoshi. Konsonanti maradufu ziliwatesa wote: *sete* ni kiu na *sette* ni saba, *casa* ni nyumba na *cassa* ni pale pa kulipia. Vitenzi ndivyo vilivyoumia zaidi. Wageni wenyewe walipozungumza na mfanyakazi walivivunja makusudi, wakidhani wanamsaidia, wakasema *tu venire domani*, "wewe kuja kesho", naye akakipokea Kitaliano hicho hivyohivyo, akaishi nacho. Mtu anaweza kufanya kazi miaka ishirini na vitenzi visivyonyambuliwa, akaeleweka, akapendwa, na bado akasikika kama mtoto kila anapofungua kinywa. Mjomba wangu, aliyesikia mafundi wakisemezana wao kwa wao, alinyambua vizuri. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mwanafunzi hupata lugha ya watu wanaomwona ni mwenzao kazini, na kwamba anayesemeshwa kama mtumishi hupewa lugha pungufu.

Walioumia zaidi kwa jina baya ni vijana wa ufuoni, bichi boi. Mahoteli yaliwawekea ua na askari, magazeti yakawaandika kama tauni. Walikuwamo waongo, ndiyo, na walikuwamo waliojiharibu kwa unga. Lakini siku moja nilikwenda na wanafunzi Gede, mji ule wa mawe msituni ambao James Kirkman alianza kuuchimbua 1948, nikamkuta kijana niliyewahi kumsomesha, aliyeacha shule na alama za chini kabisa za historia. Alikuwa amesimama mbele ya jumba la mfalme na kundi la wageni. Aliwaeleza kwa Kitaliano kuhusu visima, vyoo vya mawe, vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina, na jinsi maji yanavyoweza kuuhamisha mji. Aliulizwa maswali magumu akayajibu. Nilisikiliza nyuma ya ukuta mpaka akamaliza. Historia ileile niliyomfundisha kwa Kiingereza, ikamshinda, alikuwa anaifundisha kwa lugha ya nne, mchangani, kwa watu waliolipa kumsikia.

Hakuwa na karatasi yoyote. Hilo ndilo lililowakwamisha wote. Binamu yangu alikuwa weita katika hoteli moja ya kusini mwa mji, na wageni walimwita kutoka meza za wenzake ili awatafsirie. Nafasi ya mapokezi ilipopatikana, alipewa mtu mwenye diploma iliyosomwa kwa Kiingereza, na kwa miezi mingi binamu yangu alitoka jikoni kwenda kumtafsiria huyo mkubwa wake mpya, kwa mshahara uleule. Alistaafu akiwa kepteni wa weita. Ukiwauliza wazee wa kazi hii, kila mmoja ana kisa chake kama hicho. Ujuzi wao ulikuwa wa kweli, uliingiza fedha, ulijenga nyumba za watu wengine, na haukuwa na mahali pa kuandikwa katika fomu ya kuomba kazi.

Wanawake nao wana historia yao humu, na husimuliwa kwa kashfa tu. Waliofanya usafi nyumba za wageni, waliolea watoto wao, waliosuka nywele ufuoni, walipata Kitaliano kipana kuliko cha weita, kwa kuwa nyumbani husemwa kila kitu: homa, ugomvi, deni, kifo cha mama. Wako walioolewa wakahamia Italia. Kwao mtihani ulikuja ukubwani. Tangu mwishoni mwa 2018 sheria ya Italia inamtaka anayeomba uraia kwa ndoa athibitishe lugha kwa kiwango cha B1, kwa hati inayotambuliwa. Mama aliyeendesha nyumba Torino kwa miaka akajikuta akihangaikia kalamu.

Misimu mibaya ikaja: ghasia za uchaguzi wa 2007, maonyo ya usafiri baada ya shambulio la Westgate 2013, kisha korona, Machi 2020, ilipofunga kila kitu kwa mara moja. Huko Ngomeni roketi zilikuwa zimekoma tangu 1988. Kituo kinaitwa sasa kwa jina la Broglio na hufuatilia setilaiti. Mei 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na chuo kikuu cha La Sapienza cha Roma, iliachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa. Katika darasa langu la jioni sasa wapo wanaotaka kwenda kusoma uhandisi Italia, na manesi, na madereva wa tuktuk ambao wanajua tayari na hawajui kwamba wanajua.

Ni kwa ajili ya hao wa mwisho ninasomesha. Naanza na daftari: kila mmoja aandike maneno anayoyasema kila siku, kwa herufi zozote, kama alivyofanya mjomba. Kisha tunayaandika upya kwa Kitaliano pamoja, *quanto* kwa *kwanto*, *grazie* kwa *grasie*, na tunaanza kuvinyambua vitenzi, *vengo, vieni, viene*, watu wazima wenye mvi wakisema kwa sauti. Mwaka jana mmoja wao, weita wa Watamu aliyeachia shule darasa la sita, alikwenda Nairobi kufanya mtihani wa CILS, ule wa chuo cha Siena. Una sehemu tano. Alifaulu kusikiliza, kusoma, sarufi, na kuzungumza, tena kuzungumza kwa alama za juu. Akaanguka kuandika. CILS humruhusu mtu kurudia ile sehemu aliyokosa tu, huku alama za sehemu nyingine zikibaki hai kwa miezi 18. Amejiandikisha kurudia. Kila Jumanne, akitoka zamu, ananiletea barua moja aliyoandika kwa mtu wa kubuni huko Siena, na ya wiki iliyopita ilikuwa na makosa mawili tu, yote ya konsonanti maradufu.